Gari la Spoti kwa Bei ya Geti

Tarehe 5 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Huku tuko wazima. Kifua kilinibana kidogo wiki iliyopita kwa vumbi la shimo la lifti, sasa kimeachia. Wifi yako anakusalimu sana, wamemhamishia zamu ya asubuhi kule maabara, kwa hiyo siku hizi tunaonana hata mchana. Mtoto ameota jino la kwanza na amelizindua kwa kumng'ata jirani. Vipi wewe na biashara ya mapazia? Baba hajambo? Muulize kama soksi nilizomtumia zimemtosha.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu ukiongea na simu ukumbini, baba huwa ameegesha sikio. Hili nataka ulisikie peke yako kwanza.

Sasa kaa kitako. Nimeona tangazo la gari, nalo liko huko huko kwenu, upande wa juu penye zile nyumba za madaktari. Ni gari la spoti, viti viwili, boneti refu, la enzi ambazo mimi na wewe tulikuwa tunatambaa. Mwenyewe alikuwa daktari wa meno, sasa ni marehemu, na mjane wake anataka liondoke uani. Limekaa miaka mingi bila kuguswa. Najua litakuwa na kutu, najua litakuwa na mambo. Nataka kulinunua nilifufue pole pole. Magari ya namna hiyo yakifufuliwa yana thamani, dada, lichukulie kama uwekezaji.

Naomba uende ukaliangalie, na uende na baba. Hata kama ana kazi, hata kama mvua inanyesha, usiende bila baba.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Lifti

Tarehe 19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole na kifua, chemsha maji ujifukize. Msalimie wifi yangu, na huyo mng'ataji mpe pongezi za shangazi yake. Mimi sijambo, nina mapazia ya hoteli nzima ya kukunja pindo na mgongo unalalamika. Baba mzima. Anakula vizuri, analala mapema, na jioni hunifanya nimsomee gazeti kwa sauti kwa sababu anasema sauti yangu inamkumbusha marehemu mama.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mpaka sasa sijapoa. Gari la spoti, mdogo wangu? Wewe mwenye mtoto wa jino moja?

Nimekwenda peke yangu. Usinilaumu, nilitaka nihakikishe kwanza kwamba si upuuzi kabla sijamsumbua mzee. Geti la huyo mjane limeoza mpaka limefungwa kwa kamba ya manila, na kulipita unalinyanyua kwa bega. Mjane mwenyewe ni mwanamke mrefu, mtaratibu, anavaa kandambili za marehemu mumewe zinazomzidi miguu. Akanipeleka nyuma ya nyumba, akavuta turubai, mimi nikabaki kinywa wazi.

Ndani ya gari hilo kuna kuku. Sisemi aliingia, nasema anaishi humo. Yuko kwenye kiti cha dereva, juu ya sponji iliyochomoza, na mjane akaniambia kwa upole, "Huyo usimsumbue, ameatamia." Sakafuni kuna tundu la kutu, na kwenye tundu hilo nyasi zimeota zimefika kwenye giya. Rangi ilikuwa nyekundu zamani, sasa ni kama gamba la kidonda. Viti nimevikagua kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua: ngozi imepasuka kila mahali na uzi umeoza. Taa moja haipo kabisa, kama mtu aliyepofuka jicho.

Niambie basi. Unaishi ghorofa ya saba. Gari utalipandisha kwa lifti? Nani atalitengeneza? Wewe hujawahi kushika nyundo ya kunyoosha bodi maishani mwako, maana baba alikufukuza gereji akakwambia mikono yako ni ya kalamu. Au unataka mzee akutengenezee katika umri huu?

Nikwambie tu mapema ujue. Mwaka huu gereji ya baba tunaifunga. Wateja wenyewe wamepungua, sijui wamekwenda wapi. Nimeshamnunulia baba kiti cha kuegemea, chenye pa kuwekea miguu, na nimempimia pazia la chumba cha nyuma kunakoingia hewa. Amepiga bati maisha yake yote, sasa akae. Kwa hiyo jibu langu kwa gari ni hapana.

Dada yako

Tarehe 6 Machi

Dada,

Shikamoo. Tuko salama. Mtoto ana jino la pili. Wifi yako anauliza kama utamshonea pazia la dirisha la jikoni, vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii.

Maswali yako nimeyasoma yote. Nitayajibu nikipata nafasi nzuri.

Kiti cha kuegemea, kama risiti bado unayo, kirudishe dukani. Gereji usiifunge. Nakuomba kama ninavyokuheshimu, usiifunge kwanza. Na mpeleke baba akalione gari. Sikuhitaji unieleze wewe lina hali gani, nilitaka aliguse yeye. Akisema halifai, nitanyamaza moja kwa moja na hutasikia tena habari ya gari kutoka kwangu.

Mdogo wako

Tarehe 28 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa barua yako ilinikera. Nimekuandikia ukurasa mzima wa maswali, umenijibu kwa vipimo vya dirisha. Pazia la wifi nimelikata, nitalituma kwa basi. Sisi wazima. Bomba la uani lilipasuka, limezibwa.

Nimempeleka baba, umefurahi? Na yaliyotokea baada ya hapo yote nakubebesha wewe.

Nilipomwambia kuna gari la zamani ambalo mwanawe anataka ushauri wake, aliuliza ni la aina gani. Nikamweleza. Akaenda kunawa, akavaa ovaroli ile safi ya bluu. Njiani alinishika mkono mwendo wote, kitu ambacho hajafanya tangu tulipomzika mama. Nilifurahi sana, nikatembea polepole ili tusifike haraka.

Kule kwa mjane akaomba kuku ahamishwe. Mjane ambaye hataki hata mimi nimtazame kuku huyo, akamnyanyua na mayai yake bila neno. Kisha baba akaanza. Unajua mwenyewe namna yake, hufumba macho akapapasa. Alianzia taa ya mbele akaenda kwa viganja vyote viwili hadi nyuma, akarudi upande wa pili. Anagonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anasogea. Mahali pengine alisema, "Hapa pamepakwa puti nene badala ya kunyoosha bati, mtu alikuwa mvivu." Alilala chini akaingiza mkono kwenye lile tundu. Mjane alileta chai ikapoa. Mimi nilisimama pale nasubiri aseme halifai turudi nyumbani, na mdogo wangu, baba akawa anatabasamu.

Siku zilizofuata akawa anatoka asubuhi, nikidhani anakwenda kunyolewa.

Juzi narudi kununua kitambaa cha bitana, nakuta gari uani kwetu. Nyasi zake bado zimo. Nikakaa juu ya robota la kitambaa. Baba kalichukua bila hela. Amepatana na mjane kwamba atamtengenezea geti jipya la chuma, pande mbili, na nguzo zake. Hakuniuliza mimi, hakukuuliza hata wewe uliyelitaka.

Nikamuuliza, "Baba, gari hili la nani?"

"La mwanangu."

"Ataliendesha wapi?"

"Kwanza lipate sakafu, mama. Habari za kuendesha mtu huzungumza akishakuwa na pa kuweka miguu."

Kisha akaniomba nimwitie yule jirani anayechomelea madirisha ya chuma, eti wana mazungumzo. Kiti cha kuegemea kiko ukumbini, kimefunikwa nailoni, hajakikalia hata kwa adabu. Nimepigwa na butwaa mpaka leo, na wewe ndiye uliyeanza.

Dada yako

Tarehe 12 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea kazini, juu ya paa la lifti, nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu akadhani nimepigwa na umeme. Kalichukua gari kwa geti. Baba huyo.

Asante sana kwa kumpeleka. Sijui niseme vipi uelewe ninavyokushukuru. Pazia limefika, jikoni kumekuwa kwa watu.

Nina neno moja. Hilo geti anachomelea mwenyewe? Asichomelee mwenyewe, tafadhali. Kama jirani wa madirisha yupo, achomelee yeye, baba apime na ashike. Usimwambie kwamba nimesema mimi. Na geti likiisha, usikimbilie kwenda kuliona, mwachie mwenyewe furaha yake.

Mdogo wako

Tarehe 3 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini hii inakukuta umekaa na si juu ya paa la kitu chochote. Leo sina habari za nyumbani za kutanguliza, nisamehe.

Mjane aliniita nikampimie mapazia. Kwa hiyo nimeliona geti. Limenyooka, bawaba zake laini, ukilisukuma kwa kidole kimoja linakwenda lenyewe na kurudi bila kulia. Kazi ya baba, huwezi kukosea. Ila upande wa kulia ni kijani na upande wa kushoto ni bluu.

Nilicheka. Nikadhani rangi ilimwishia. Mjane akaniambia, "Nilimwambia kijani. Lakini nikaona labda ndiyo mtindo wa sasa, nikaona aibu kuuliza. Nimeshaanza kulipenda."

Nikarudi nyumbani bado nacheka, nikamkuta baba anakunywa chai. Nikamuuliza geti amelipaka rangi gani. "Kijani," akasema, "alivyotaka mwenyewe." Nikauliza, pande zote mbili? Naye akacheka. "Wewe ulitaka nipake upande mmoja?"

Hakuwa anatania. Baba akitania huinua nyusi, unamjua. Kicheko kilinikauka mdomoni.

Kesho yake mchana, jua limewaka, nikatoka uani nikasimama katikati ya njia yake ya kwenda gereji. Nikavua viatu asisikie. Alikuja anapiga mluzi, anafuta mikono kwa kitambaa, uso wake umenielekea kabisa. Akanipita. Ovaroli yake ilinigusa mkono, akasema "Aa, kamba hii ya nguo," akaendelea na mluzi wake. Mdogo wangu, mimi ndiye kamba ya nguo.

Nikaenda dukani kwa muuza rangi. Nikamwuliza vipi alimwuzia mzee rangi mbili. Akaanza kujitetea hata sijamaliza: siku ile alikuwa anaumwa, dukani alikuwa mkewe, na mkewe hajui utaratibu. Utaratibu gani? Akatazama chini. Nilisimama pale mpaka akasema. Baba akija, yeye humpa kopo mkononi na kumtajia rangi kwa sauti ya chini, na kila rangi ina namna yake ya kufungwa kamba. Kinyozi humvusha barabara, kwa kisingizio kwamba naye anakwenda upande huo. Jirani wa madirisha huja kuchomelea saa ambazo mimi nimepeleka mapazia mjini. Wateja walioondoka, waliondoka kwa sababu hiyo, na hakuna aliyenitamkia. Mtaa mzima unajua. Muuza vocha anajua. Mimi ninayempikia, ninayemfulia, ninayelala chumba cha ukuta mmoja naye, sijui.

Gazeti. Nilidhani anataka sauti ya mama. Ile chupa ndogo ya matone, aliniambia ni ya vumbi la msasa, nikamwambia vizuri, endelea nayo. Kule kwa mjane alinishika mkono mwendo mzima nami nikatembea kwa madaha kama bibi harusi.

Sijamwambia kwamba nimejua. Nimejifungia nikalia, nikawa nakanyaga cherehani bila kitambaa ili asisikie. Wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwambia, kwa sababu wewe ni damu yangu na huna unalolijua, kama nilivyokuwa mimi. Niambie tufanye nini.

Dada yako

Tarehe 30 Mei

Mdogo wangu,

Hujajibu. Nimeuliza posta, barua zinafika. Baba ameng'oa sakafu yote ya gari na anaimba. Kila akiimba natamani kuvunja kitu.

Nijibu.

Dada yako

Tarehe 7 Juni

Dada,

Shikamoo, ingawa sidhani kama utaniitikia ukimaliza kusoma.

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Nitaiandika moja kwa moja sasa, kabla sijaingiwa na woga tena. Mimi nilijua.

Nilijua tangu mwaka jana alipokuja kututembelea. Alipokuwa anatoka kwenye jengo letu alijigonga kwenye mlango wa kioo, na haukuwa mlango wa kujificha, una kibandiko kikubwa katikati. Nikampeleka kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kitaondoka, matone yanachelewesha tu. Kwa upasuaji amechelewa, nilibembeleza, amechelewa. Chupa unazoziona ninamtumia mimi, zinakuja kwenye soksi na mashati.

Tulikaa kwenye benchi nje ya hospitali. Hakulia. Aliniambia, "Dada yako asijue." Nikamwuliza kwa nini, wewe ndiye unayeishi naye. Akasema, na haya ni maneno yake, siyapunguzi: "Dada yako ananipenda kwa nguvu. Akijua, atanikalisha kitini na shuka magotini, na mimi nitakaa kwa sababu siwezi kumkatalia. Nitakufa nimekaa." Akanishika mkono mpaka nikaapa.

Kiti ukakinunua bila hata kujua. Ndiyo maana nilikuomba ukirudishe dukani.

Sasa gari. Uliniuliza nitaliegesha wapi. Sina pa kuliegesha, dada, na sitaki kuliendesha. Aliniambia kwa simu, siku ambayo wewe hukuwepo, kwamba mwezi mzima hakuna aliyeleta hata bampa. Nilikosa usingizi. Nikatafuta gari ambalo halina mwenyewe wa kuja Ijumaa kuuliza limefikia wapi. Nilitaka gari bovu kuliko yote niliyoweza kupata, ili lisiishe. Uwekezaji ilikuwa uongo.

Unaweza kuuliza kwa nini mimi sikuja kuwa naye badala ya kumtafutia kutu. Siwezi kumwona amesimama mlangoni ananitafuta na mimi niko mbele yake. Sasa nawe umesimama pale ukapitwa, na ulikuwa peke yako.

Mdogo wako

Tarehe 21 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara moja na imetosha.

Nilikuandikia kwamba wewe ni mtu wa kwanza kumwambia. Umekaa na sentensi hiyo mwezi mzima. Wewe na baba mlikaa benchi moja mkanigawa kama kitambaa, huyu achukue kipande hiki, yule asijue. Muuza rangi nimeshamsamehe, yeye si ndugu. Nyinyi bado.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli. Ningemkalisha, na shuka nilikuwa nimeshaikata. Usiku huo huo ningefunga gereji nikaweka ufunguo kwenye kikapu changu cha uzi, na ningejiona mtoto mwema.

Kiti nimempa mjane. Kuku amekihamia.

Sasa nisikilize. Hutamwambia baba kwamba nimejua, wala mimi sitamwambia, na mtaa nimeuonya. Nataka anitamkie mwenyewe, kwa mdomo wake, mimi binti yake. Kama anaweza kumwambia muuza vocha, anaweza kuniambia mimi. Nitasubiri. Nimevichukua viti vya gari nivishone upya, na nimehamishia cherehani gereji, nimemwambia huku chumbani mwanga haunitoshi. Asiponiambia mpaka gari linakwisha, basi nitajua mimi ni mpangaji tu katika nyumba hii.

Usinijibu kwa haraka. Wewe ni hodari wa kuchelewa.

Dada yako

Tarehe 2 Septemba

Mdogo wangu mpendwa,

Wewe, wifi yangu na mwenye meno wetu, nawasalimu wote. Barua zako zote zimefika, na ile ya kuomba radhi, na ile nyingine ya kuomba radhi. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nangoja neno. Leo ninalo.

Kwanza kazi. Sakafu ipo, jirani wa madirisha kaichomelea mbele yangu, mchana kweupe, na hakuna aliyesema lolote kuhusu hilo. Milango inafunga. Baba ananyoosha bati juu ya tairi la mbele, mahali alipokuta ile puti ya mtu mvivu. Kuna siku alinishika mkono akauweka pale, akasema, "Bado pana bonde, unalisikia?" Mimi sikusikia kitu. Akasema nitulie. Nikatulia sana, na kweli lilikuwepo, dogo, kama alama ya kidole kwenye unga. Nilishtuka. Miaka yote hii napita nje ya gereji hiyo na sahani ya chakula, sikujua humo ndani kuna mambo ya namna hiyo.

Tulikaa hivyo miezi hii, yeye na nyundo, mimi na cherehani. Yeye anajifanya anaona na mimi najifanya sijui. Nikiacha mkasi mahali pake pa kupita, nakimbia kuutoa. Akisema "pazia hili zuri", nasema asante baba. Uchovu wa mchezo huo sikuelezi. Kuna jioni nilikuwa nimefungua mdomo kabisa kumwambia, nikaufunga.

Jumamosi nimemaliza viti. Tukavifunga mahali pake, yeye akikaza bolti, mimi nikimshikia taa. Akasema tujaribu. Akakaa upande wa usukani, nami nikazunguka nikakaa kando yake, tukafunga milango. Gari halina injini inayowaka, halina kioo cha mbele, tumekaa tu tunatazama ukuta wa gereji. Akapapasa mshono wangu kwenye kiti, kutoka juu mpaka chini, polepole. Akasema kazi nzuri. Kisha akashika usukani kwa mikono miwili.

Akasema, "Mama, umevaa nini leo?"

Nikamwambia, "Si unaniona, baba."

Nilisema kwa kusudi, sikufichi. Nilikuwa nimechoka kungoja. Akatoa mikono kwenye usukani akaiweka mapajani.

"Sikuoni," akasema. "Sioni, mwanangu. Mwaka sasa sijauona uso wako."

Mdogo wangu, nilikuwa nimejiandaa. Maneno yangu nilikuwa nayo tangu Mei, nimeyapanga, nimeyanoa, nilijua nitaanzia wapi, kwenye gazeti, kisha kamba ya nguo, kisha benchi lenu. Nililijua neno hilo litakuja na nililitaka. Lilipokuja lilinipiga kana kwamba sijawahi kulisikia. Maneno yangu yote yalipotea. Nilibaki nimeshika kitasa cha mlango, nakizungusha bure.

Nadhani alikisikia kitasa, maana akageuka. Akauliza, sauti yake ya kawaida kabisa, "Hebu niambie. Umenenepa au umekonda?"

Nikamwambia nimekonda. Nimekonda sana, kwa mawazo mliyonipa.

Akanyoosha mkono. Akanipapasa shavu kwa kiganja chote, akaenda mpaka sikioni akarudi, akagandamiza kidogo kwa kidole gumba, akasikiliza. Unaujua mkono huo, unakwaruza kama msasa. Nilifumba macho.

"Muongo," akasema. "Umenenepa."

Tukacheka, mdogo wangu. Tukalia na tukacheka humo ndani ya gari lisilokwenda mpaka kinyozi akaja kuchungulia. Baba akamfukuza, akamwambia yuko na binti yake.

Amejua kwamba nilijua, na amejua kwamba nawe ulivunja kiapo ukaniambia. Amesema hakulaumu. Mimi nakulaumu bado kidogo, itaisha. Omba likizo uje. Wewe unaogopa kumwona amesimama mlangoni anakutafuta. Basi ukifika usisubiri akutafute. Msogelee, uiname, umpe uso.

Dada yako